Asili na Halisi: Mkate wa Kifaransa Karibu na Nyumbani

1.0 Utangulizi

Nilipoombwa kutoa mhadhara huu wa hadhara katika taaluma za Kiswahili, nadhani waandaaji walitarajia nizungumzie ngeli za nomino au mnyambuliko wa vitenzi, mambo ambayo nimeyasomesha kwa zaidi ya miaka thelathini. Naomba radhi kwamba leo nimekuja na mkate. Nimekuja nao kwa sababu kuna swali la lugha ambalo limenisumbua muda mrefu, na sikuweza kulipatia jibu mpaka nilipolikuta kwenye meza ya mwokaji mikate.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 niliishi Paris nikitafuta shahada yangu ya uzamivu. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya tano, na chini ya jengo kulikuwa na duka la mikate. Kila alfajiri harufu ya unga uliookwa ilipanda ngazi ikaniamsha kabla ya saa. Niliporejea nyumbani Dar es Salaam nilirudi na tasnifu, na pia na mazoea yasiyo na tiba: nilitaka asubuhi kipande cha mkate ule, na siku za mapumziko kitafunwa kimoja cha siagi chenye umbo la hilali. Nikaanza kutafuta. Kila nilipokwenda niliuliza swali moja: je, hapa kuna mkate wa Kifaransa wa asili?

Hoja ya mhadhara huu ni kwamba swali langu lilikuwa limekosewa. Neno nililolihitaji halikuwa asili, bali halisi. Kosa hilo dogo la msamiati ni kosa lile lile tunalolifanya tunapoijadili lugha yetu ya Kiswahili, na madhara yake ni makubwa kuliko kukosa kifungua kinywa.

2.0 Maneno mawili

Maneno yote mawili yametufikia kutoka Kiarabu. Asili latokana na neno lenye maana ya mzizi au shina; halisi latokana na neno lenye maana ya kitu kisafi, kisichochanganywa. Katika matumizi ya Kiswahili maneno haya yamegawana kazi. Asili hujibu swali la "kimetoka wapi?" Twasema asili ya mto, asili ya ukoo, asili ya neno. Halisi hujibu swali la "je, ndicho chenyewe?" Twasema dhahabu halisi, jina halisi, sura halisi ya mtu.

Katika miongo ya karibuni, hata hivyo, neno asili limeanza kuvamia eneo la jirani yake. Tunapouziwa asali ya asili au dawa ya asili, muuzaji hataki kutuambia mahali kilipotoka kitu tu. Anataka tuamini kuwa, kwa kuwa kimetoka mahali fulani, basi ni kizuri na cha kweli. Yaani chimbuko limefanywa kuwa ushahidi wa ubora. Ni rahisi kuona udhaifu wa hoja hiyo katika asali, maana asali iliyotoka msituni yaweza kutiwa maji ya sukari njiani. Ni vigumu zaidi kuuona katika lugha na utamaduni. Kwa hiyo natumia mkate kama mfano, na mkate wa Kifaransa hasa, kwa kuwa hakuna chakula kinachosifiwa kwa uasili wake kuliko huo.

3.0 Hilali iliyotoka Vienna

Tuanze na kile kitafunwa cha hilali. Wafaransa hukiita croissant, neno lenye maana ya "kinachokua", kwa kuufananisha na mwezi mwandamo unaokua. Herufi mbili za mwisho hazitamkwi kama konsonanti, kwa hiyo kwa kufuata sikio nitaliandika kruasa.

Wengi wetu tumeisikia hadithi yake. Inasemekana kwamba mwaka 1683 majeshi ya Kituruki yalipouzingira mji wa Vienna, waokaji mikate waliokuwa wakifanya kazi usiku waliwasikia maadui wakichimba njia chini ya ukuta, wakapiga kelele, na mji ukaokoka. Kwa kusherehekea wakaoka mikate yenye umbo la hilali ya bendera ya adui. Hadithi yaendelea kwamba malkia Marie Antoinette, aliyezaliwa Vienna, aliupeleka mkate huo Ufaransa. Lugha yetu inalo neno ngano kwa nafaka na ngano kwa hadithi za kubuni. Hapa zimekutana zote mbili. Mikate yenye umbo la hilali, iitwayo Kipferl, ilikuwapo katika nchi ya Austria karne nyingi kabla ya 1683, na hakuna ushahidi wa wakati ule unaomhusisha malkia huyo na kruasa.

Lililo na ushahidi ni hili. Karibu na mwaka 1838, August Zang, raia wa Austria aliyekuwa ofisa wa mizinga, alifungua Paris, katika mtaa wa Richelieu, duka la mikate la mtindo wa Vienna. Tanuri lake lilitumia mvuke, nao ulifanya gamba la mkate ling'ae. Wakazi wa Paris waliipenda mikate yake, na waokaji wengine wakamwiga upesi. Zang mwenyewe alirudi kwao mwaka 1848 akaanzisha gazeti la Die Presse, wala hakuoka tena. Alichokiacha kiliendelea kubadilika mikononi mwa Wafaransa. Mkate wa Zang haukuwa wa matabaka. Kukunja unga na siagi, tabaka juu ya tabaka, ulikuwa ufundi wa wapishi wa Kifaransa, na ni mwanzoni mwa karne ya 20 tu ndipo umbo la Vienna na ufundi wa Paris vilipooana na kutupatia kruasa tunayoijua. Hata leo, jina la jumla la vitafunwa hivi katika Kifaransa ni viennoiserie, yaani "vitu vya Vienna". Wafaransa hawakuificha asili ya kitu hicho. Wameiandika katika jina lake, na bado hakuna anayekana kwamba kruasa ni ya Kifaransa.

Bageti nayo, ule mkate mrefu mwembamba ambao picha za Paris hazikamiliki bila huo, si ya kale kama inavyodhaniwa. Mikate mirefu ilikuwapo Paris katika karne ya 19, lakini jina baguette, lenye maana ya fimbo nyembamba, lilianza kutumika kwa mkate katika kanuni za bei na uzito mnamo mwaka 1920. Wapo wanaohusisha kuenea kwake na sheria ya mwaka 1919 iliyokataza waokaji kufanya kazi kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, kwa kuwa mkate mwembamba huiva haraka na huwahi kifungua kinywa. Vyovyote iwavyo, mkate ambao UNESCO iliuingiza utamaduni wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwezi Novemba 2022 ulikuwa na jina lenye umri wa karne moja hivi. Mahamri ya Mombasa hayana haja ya kuuonea wivu.

4.0 Sukari, vanila na watu wa pwani

Kama tunafuatilia asili, basi tuifuatilie hadi mwisho, hata pale isipopendeza. Vitafunwa vya Kifaransa vinahitaji sukari, na vingi vinahitaji vanila. Historia ya vitu hivyo viwili inapita katika pwani yetu.

Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka. Watu hao walipelekwa katika visiwa vilivyotawaliwa na Wafaransa, ambavyo leo twaviita Morisi na Réunion. Baada ya Ufaransa kuipoteza Haiti mwaka 1804 na Morisi mwaka 1814, kisiwa cha Réunion, wakati huo kikiitwa Bourbon, kiligeuzwa shamba kubwa la miwa. Ufaransa ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1817, lakini majahazi na merikebu ziliendelea kuwasafirisha watu kwa siri kutoka Afrika Mashariki, Msumbiji na Bukini. Utumwa ulipokomeshwa huko tarehe 20 Desemba 1848, watu zaidi ya 60,000 waliachwa huru. Wazawa wa Waafrika katika kisiwa hicho wangali wanaitwa Cafres, neno lenye mzizi mmoja na kafiri letu. Neno hilo lilivuka bahari pamoja na watu waliobandikwa.

Sitaki kukuza jambo. Ufaransa ilipata sukari kutoka makoloni mengi, na tangu mwanzo wa karne ya 19 ilijifunza pia kuitengeneza kutokana na viazisukari. Lakini si haki kuisimulia historia ya utamu huo kana kwamba ilianzia na kuishia katika mitaa ya Paris.

Vanila inatupatia mfano ulio wazi zaidi. Mmea huo ni wa Meksiko. Ulipopandwa Réunion ulistawi na kutoa maua, lakini haukuzaa, kwa sababu wadudu wanaouchavusha kwao hawakuwapo. Mwaka 1841, katika eneo la Sainte-Suzanne, kijana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond aligundua namna ya kuliinua kwa kijiti kile kiwambo kidogo ndani ya ua na kuzikutanisha sehemu zake mbili kwa kidole gumba. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo, ua kwa ua, kuanzia Bukini na Komoro hadi mashamba ya vanila ya Uganda na Kagera. Alipoachwa huru mwaka 1848 alipewa jina la ukoo la Albius. Alifariki mwaka 1880 akiwa maskini. Krimu ya vanila iliyomo ndani ya ekleri ya Paris, kama imetiwa vanila ya kweli, imepita katika mkono unaofanya kama mkono wa mtoto huyo.

Basi tukiuliza asili ya kitafunwa cha Kifaransa, jibu la kweli ni refu: umbo la Austria, ufundi wa Paris, mmea wa Meksiko, akili ya mtumwa wa Bahari ya Hindi, jasho la watu ambao baadhi yao walipakiwa Kilwa. Asili haikitenganishi kitu na vingine. Kadiri tunavyoichimba ndivyo inavyokiunganisha na wengi.

5.0 Sheria inauliza nini?

Tujiulize sasa Wafaransa wenyewe wanalindaje mkate wao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mashine za kukandia kwa kasi zilienea. Mkate ukawa mweupe, mkubwa na usio na ladha. Baadaye yakaja madonge yaliyogandishwa viwandani, yanayosafirishwa kwa malori na kuokwa dukani ili harufu tu iwavute wateja. Mnunuzi wa Paris akawa hana hakika anakula nini.

Amri ya serikali ya tarehe 13 Septemba 1993 iliweka masharti ya mkate unaostahili kuitwa "mkate wa jadi ya Kifaransa": usigandishwe katika hatua yoyote, usitiwe viongezeo, na ufanywe kwa unga wa ngano, maji, chumvi, na hamira au chachu, pamoja na viasi vidogo vilivyoruhusiwa vya unga wa mbegu kama vile maharage. Kisha sheria ya tarehe 25 Mei 1998 ikaamua nani aruhusiwe kuandika neno boulangerie juu ya mlango wake: ni yule tu anayekanda unga, kuuchachua, kuufinyanga na kuuoka pale pale anapouza.

Naomba tuyatazame masharti hayo kwa jicho la mwanaisimu. Hakuna mahali yanapouliza mwokaji alizaliwa wapi, wala babu yake alikuwa nani. Yanauliza kuhusu kazi: umekanda wewe? umeokea hapa? umetia nini? Tena yanauliza kuhusu neno: je, jina uliloliandika mlangoni linasema kweli? Sheria hiyo hailindi asili. Inalinda uhalisi.

Matokeo yake yaonekana katika shindano la bageti bora ya Paris, lililoanzishwa mwaka 1994. Waamuzi huonja mikate bila kujua imeokwa na nani, na mshindi hupewa heshima ya kupeleka mkate Ikulu kwa mwaka mmoja. Djibril Bodian, mwenye asili ya Senegal, alishinda mwaka 2010 na tena 2015. Ridha Khadher, mzaliwa wa Tunisia, alishinda mwaka 2013. Tharshan Selvarajah, mzaliwa wa Sri Lanka, alishinda mwaka 2023. Majina yao yalipofunikwa, ulimi wa mwamuzi ulikuta mkate halisi. Japani nayo ina waokaji hodari wa mikate ya Kifaransa, kwa sababu tangu mwaka 1954 mwalimu Raymond Calvel alikwenda huko akawafundisha, nao wakajifunza kwa bidii.

6.0 Safari ya maneno ya mkate

Turudi sasa kwetu. Pwani ya Waswahili haikungoja Mzungu ili ijue kuoka. Neno mkate ni la Kibantu, na zamani halikuhusu ngano hasa. Lilitaja donge lililofinyangwa; ndiyo maana kamusi za zamani zina mkate wa tumbaku. Mkate wa mofa umepewa jina la tanuri lake la udongo, na ndugu yake ni muufo ya Wasomali. Maandazi yametokana na kitenzi kuandaa: ni vitu vilivyoandaliwa. Hamira na mahamri yanarudi kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuchachua. Boflo ya Zanzibar na Mombasa hadi leo humwambia mwuza duka kwamba mteja hataki mkate wa kumimina wala wa ufuta.

Maneno haya hayakukaa pwani. Katika Kirundi mkate huitwa umukate, na katika Kinyarwanda umugati. Wanaisimu wengi huyahesabu kuwa mikopo kutoka Kiswahili. Tazameni ile g ya Kinyarwanda. Lugha hiyo hufuata Kanuni ya Dahl, ambayo huigeuza k kuwa g inapofuatwa na konsonanti isiyo ghuna kama t. Neno lilifika likiwa geni, lakini sarufi ya wenyeji ikalivika vazi la nyumbani. Katika Lingala, kwa upande wa magharibi, mkate ni limpa, wingi mampa. Neno hilo hunasibishwa na Kifaransa le pain. Masikio ya Kibantu yaliposikia le yalisikia kiambishi cha ngeli, na mara yakakipatia wingi wake. Sisi tulifanya vivyo hivyo kwa kitab ya Kiarabu, tukapata kitabu na vitabu.

Kwa hiyo mjini Bujumbura au Goma mtu aweza kusimama chini ya bango lililoandikwa boulangerie na kuagiza kwa neno lililotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Bango ni la Kifaransa, neno la mdomoni ni la Kibantu, na mkate ni mmoja. Sijapata kumsikia mkazi wa miji hiyo akilalamika kuwa mambo hayo yanagongana.

7.0 Karibu na nyumbani

Sasa niwasimulie jinsi utafutaji wangu ulivyokwisha. Kwa miaka mingi nilinunua katika duka moja lililopambwa kwa mnara wa Eiffel na maneno ya Kifaransa yaliyokosewa tahajia. Kruasa zake zilikuwa nzuri kwa macho, lakini ukizishika zilikuwa nzito, na kinywani ziliacha utando wa majarini. Baadaye nilibaini kwamba madonge yake yalifika yakiwa yamegandishwa ndani ya maboksi. Hata hivyo niliendelea kununua, kwa sababu bango lilisema niliyotaka kuyasikia.

Katika mtaa wa nyuma, si zaidi ya dakika kumi kutoka kwangu, kijana mmoja alikuwa akioka katika chumba kidogo kisicho na bango. Nilipita mlangoni pake kwa muda wa miaka miwili bila kuingia. Siku niliyoingia, mvua ndiyo iliyoniingiza. Nilikuta bageti zimesimamishwa kwenye kikapu, na kwenye sinia kruasa chache zilizonyooka, si za kupinda. Nikanunua moja nikaila nimesimama. Kisha nikamwuliza swali ambalo hadi leo naona haya kulikumbuka:

"Nani alikufundisha? Mfaransa?"

Akanijibu kwa adabu: "Hapana, mzee. Alinifundisha marehemu baba mkubwa, kule Bujumbura."

"Basi hii ni kruasa ya asili kweli?"

Alicheka kidogo. "Mzee, hilo sijui. Vunja nyingine, usikilize."

Nikavunja, nikasikiliza. Gamba lililia kama majani makavu, na ndani matabaka yalijitenga mithili ya sega la nyuki. Alinieleza kazi yake bila kuificha. Hufunika bamba la siagi ndani ya unga, akasukuma, akakunja mara tatu. Akapumzisha kwenye jokofu, akarudia. Akapumzisha, akarudia tena. Tatu mara tatu mara tatu: matabaka 27 ya siagi. Kazi hiyo yataka baridi. Siagi ikilainika kabla ya wakati hunywewa na unga, na tabaka hupotea. Katika joto la Dar es Salaam, ambalo mchana mara nyingi hufika nyuzi 30 au zaidi, yeye huanza saa nane usiku, na umeme ukikatika siku hiyo hakuna kruasa. Hauzi mbovu. Huwaambia wateja warudi kesho.

Nilimwuliza kwa nini haweki bango. Alisema aliwahi kuliweka, lakini wateja waliingia, wakamtazama, wakauliza Mfaransa yuko wapi. Wengine walitoka bila kuonja. Akaona ni heri wasije kabisa kuliko waje wamtazame hivyo. Mabibi na mabwana, mimi niliyekuwa nikimsikiliza nilikuwa mmoja wa watu hao. Tofauti yangu na wao ilikuwa mvua tu.

Tangu siku hiyo, anayeniuliza namna ya kutambua mkate halisi wa Kifaransa humjibu hivi. Usisome bango kwanza. Uliza unga umekandwa wapi na saa ngapi. Kruasa iwe nyepesi kuliko ukubwa wake, ipukutike, iache vidoleni harufu ya siagi na si mafuta ya kuganda. Bageti iwe na gamba la rangi ya asali iliyokolea, na ndani iwe na matundu yasiyolingana, yenye weupe wa maziwa kuliko wa chaki. Ikifika jioni itakuwa imekauka. Hilo ni dalili njema, maana haikutiwa kitu cha kuizuia isizeeke.

8.0 Hitimisho

Kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ajali haya? Kwa sababu lugha yetu imesimamishwa mlangoni na kuulizwa swali lile lile nililomwuliza kijana yule. Tangu nianze kufundisha sijamaliza mwaka bila mwanafunzi kuniuliza, mara nyingi kwa sauti ya huzuni: "Profesa, kama sita, saba na tisa ni Kiarabu, na meza ni Kireno, na shule ni Kijerumani, chetu ni kipi?" Wapo waliowahi kuandika kwamba Kiswahili si lugha halisi bali ni mchanganyiko, na wapo wanaowajibu kwa kukataa ukweli wa mikopo hiyo, au kwa kupendekeza tuyafukuze maneno yaliyokaa nasi karne nyingi. Pande zote mbili zinakosea kwa njia moja: zinadhani kwamba asili ndiyo hakimu wa uhalisi.

Uhalisi wa Kiswahili umo katika ukandaji wake. Tunasema vitabu viwili vizuri vimepotea, na kile kiambishi cha vi- kinapita katika sentensi nzima, kikiliunganisha neno lililotoka Uarabuni na sarufi ambayo wazee wetu wa Kibantu walituachia. Hapo ndipo jiko lilipo. Unga waweza kuwa wa kununua. Lakini umekandwa hapa, umechachuka hapa, umeokwa hapa. Kwa kipimo cha sheria ya mwaka 1998 Kiswahili kinastahili bango lake.

Kipimo hicho kinatudai pia sisi wenyewe. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, hakuwa Mswahili kwa asili. Lakini alisikiliza lahaja za pwani kwa subira, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotoka Paris mwaka 1939 ingali mezani kwa kila anayetafiti historia ya maneno yetu. Kazi yake ni halisi kwa sababu aliifanya kwa uaminifu. Kwa mantiki hiyo hiyo, mtu aliyezaliwa Pangani au Lamu hana dhamana ya kuandika Kiswahili halisi kwa kuzaliwa tu. Naye lazima akande.

Kijana wa mtaa wa nyuma bado anaoka. Sasa analo bango dogo, na neno lililoandikwa ni moja: Mkate. Nilipendekeza aongeze "wa Kifaransa", kwa kuwa ndio ukweli wa ufundi wake. Alisema atafikiri. Nawaomba, mtakapompata, au mtakapompata mwingine kama yeye karibu na nyumbani kwenu, msimwulize ametoka wapi kabla hamjaonja.